Dhehebu Moja, Siasa Mbili: Imani, Kutoamini na Uchumi katika Ngara na Biharamulo

Mada iliyowasilishwa katika semina ya elimu ya uraia kwa walimu, viongozi wa dini na madiwani



Nimeombwa nizungumzie uhusiano uliopo kati ya imani ya mtu, au kutoamini kwake, na msimamo wake katika siasa na uchumi. Mada hii huzungumzwa sana nchini mwetu, lakini kwa kunong'ona, na mara nyingi ni wakati wa uchaguzi. Hapo ndipo husikika kwamba fulani atapigiwa kura na watu wa dini yake, au kwamba dhehebu fulani ni la chama fulani. Upande wa wasioamini husemwa jambo zito zaidi: asiye na Mungu hana hofu, na asiye na hofu hafai kukabidhiwa mali ya watu.

Hoja yangu ni hii. Historia ya wilaya zetu mbili haiungi mkono hata moja ya dhana hizo. Msimamo wa mtu hujengwa na ardhi anayoilima, watu anaowajibika kwao kila wiki, na mambo aliyoyaona kwa macho yake. Imani humpa lugha ya kuueleza msimamo huo, na wakati mwingine humpa ujasiri wa kuusimamia. Mara chache sana ndiyo inayouchagua.

Nianze na Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, wapo wamisionari na waumini walioingiwa na wasiwasi: ujamaa ni ndugu wa ukomunisti, na ukomunisti hauna Mungu. Mwoleka aliliangalia jambo hilo kwa namna yake. Aliona Utatu Mtakatifu ni maisha ya kushirikiana, na kwamba binadamu hakupewa fumbo hilo alitegue kwa akili bali aliige kwa kuishi. Basi akaona kijiji cha ujamaa ni mahali pa kuliigia. Hakuishia kuhubiri. Alikwenda kuishi na wanakijiji Nyabihanga, akashika jembe. Padri Joseph Healey wa shirika la Maryknoll, aliyekaa huko pia, aliandika habari za maisha hayo, na majina yao wawili yakatoka pamoja katika kitabu kuhusu ujamaa na jumuiya za Kikristo mwaka 1976. Jumuiya Ndogo Ndogo ambazo leo kila Mkatoliki wa hapa anazijua zilipata mmoja wa watetezi wake wakubwa katika jimbo hili.

Mwalimu Nyerere, ambaye naye alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa, alichukua njia tofauti kidogo, na tofauti hiyo ina uzito kwa mada yetu. Katika maandishi yake ya 1968 alisisitiza kwamba ujamaa hauna teolojia yake. Unahusu namna binadamu wanavyoishi wao kwa wao, kwa hiyo Mkristo anaweza kuwa mjamaa, Muislamu anaweza, na asiyeamini Mungu anaweza. Mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll, huko New York, kwamba Kanisa lisiloshiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litapoteza maana mbele ya maskini hao. Kwa Mwoleka, ujamaa ulitoka ndani ya imani. Kwa Mwalimu, ulisimama pembeni ya imani, ukamwachia kila mtu mlango wake. Wakatoliki wawili, azimio moja, hoja mbili.

Sasa tazameni waumini wa kawaida. Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na 1976 ikawekwa kuwa kikomo. Kumwambia mtu wa Ngara aache shamba la migomba ni jambo kubwa. Migomba haisimami kwenye udongo wetu bila samadi, na rutuba ya shamba moja inaweza kuwa kazi ya baba, babu na baba wa babu. Biharamulo ardhi ilikuwa tele zaidi, mapori yakiwa mengi, na wengi walilima mazao ya msimu ambayo mtu anaweza kuyaanza upya kwingine. Mkatoliki wa Ngara na Mkatoliki wa Biharamulo walipokea Komunyo ileile, lakini kuhama kulikuwa na gharama tofauti kwao. Anayetaka kujua nani aliipokea amri ile kwa uchungu zaidi ataipata habari hiyo kwenye migomba kabla ya kuipata kwenye daftari la ubatizo.

Kwa upande wa Waanglikana, Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivuka mto Kagera na kuota mizizi hapa, ambapo leo Dayosisi ya Kagera ina makao yake Murgwanza. Waliookoka waliungama dhambi hadharani, wakarudisha vya wizi, wakaacha pombe. Wapo wataalamu wanaofuata mawazo ya Mjerumani Max Weber, aliyeandika mwaka 1904 na 1905 kwamba nidhamu ya Waprotestanti ilisaidia kuzaa ubepari, na wangependa kuona mfano huo hapa: asiyekunywa huweka akiba, mwenye akiba huezeka bati na kusomesha. Kuna ukweli ndani yake. Lakini ndugu hao hao walikaa mbali na siasa, kwa kuiona ni ya dunia. Nidhamu iliyomjengea mtu uchumi ndiyo iliyomtoa kwenye mkutano ulioamua bei ya kahawa yake. Leo, baadhi ya makanisa mapya yanahubiri kupanda mbegu ya sadaka ili mtu avune utajiri. Biblia ni ileile, lakini hapa fedha imekuwa ishara ya baraka, wakati kwa wazee wa Uamsho ilikuwa mtego.

Kwa Waislamu nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wapo hapa wanaolijua jambo hili kuliko mimi. Mwaka 1968, Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki ilipoingia katika mgogoro na hatimaye kuvunjwa, Bukoba ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kujitenga nayo, na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, yaani BAKWATA, likaundwa mwaka huohuo. Waislamu waligawanyika juu ya uhusiano wao na serikali, wala hawakugawanyika juu ya Kurani.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni huu. John Magufuli alizaliwa Chato mwaka 1959, wakati huo ikiwa ndani ya Biharamulo. Alisoma Seminari ya Katoke, Biharamulo, katikati ya miaka ya 1970, na kuanzia 1995 akawa Mbunge wa Biharamulo Mashariki. Askofu Severine Niwemugizi ndiye mrithi wa Mwoleka katika jimbo hilohilo, ambalo leo linaitwa Rulenge-Ngara. Mwaka 2017 askofu alisema hadharani kwamba nchi inahitaji katiba mpya. Magufuli, aliyekuwa Rais wakati huo, hakuwa na mpango huo. Baadaye Idara ya Uhamiaji ikamhoji askofu kuhusu uraia wake. Sisi wa mpakani hatuhitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Lugha yetu inasikilizana na Kirundi, na Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, bado tunaikumbuka. Kisha ikaja korona. Aprili 2020 Rais alitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa, akaacha nyumba za ibada wazi, akakataa kuwafungia watu ndani kwa kuwa uchumi ungeumia. Januari 2021 maaskofu Wakatoliki waliwaonya waumini kwamba ugonjwa upo na wachukue tahadhari. Tarehe 26 Machi 2021, Rais alipozikwa Chato, ibada iliongozwa na Askofu Niwemugizi.

Siwaleti hawa wawili ili tumhukumu mmoja. Nawaleta kwa sababu kama imani peke yake ingetosha kumpa mtu msimamo wa katiba, wa uchumi na hata wa afya ya umma, basi wawili hawa wangekuwa upande mmoja katika kila jambo.

Naomba sasa niseme jambo gumu. Tarehe 28 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, takribani watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco, hapa Ngara, ikageuka mji mkubwa kuliko mingi nchini. Kabla yao mto Kagera ulikuwa umeleta maiti. Ng'ambo, katikati ya mwezi huo, watu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye wakidhani kanisa halitaguswa waliuawa humohumo. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Rusumo, alikuwa miongoni mwa waliofika Benaco. Mwaka 2001 alikamatwa katika kambi mkoani Kigoma, mwaka 2004 mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ikamtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, yakiwemo ya Nyarubuye, na mwaka 2006 rufaa ikamhukumu kifungo cha maisha. Waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Tangu hapo, mtu akiniambia kwamba tatizo la jamii ni watu wachache wasioamini, mimi namuonyesha ule mto.

Tuje basi kwa wasioamini. Ni wachache, na wengi hawajitambulishi. Sensa zetu hazijauliza dini tangu 1967, na naona ni busara. Katiba inasema nchi haina dini, na Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mtu katika mambo ya imani. Nchi jirani zimekwenda mbele kidogo kwa kujitokeza: Kenya, chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa mwaka 2016, usajili ukasimamishwa mwaka huohuo, kikaenda mahakamani. Uganda, huko Kasese, ipo shule ya msingi ya wanaofuata utu bila dini. Kwetu, mahali pa wazi ambapo serikali humwandika mtu wa aina hii ni kizimbani. Shahidi huulizwa dini kabla ya kusema. Hakimu huandika: Mkristo, ameapa; Muislamu, amethibitisha. Asiye na dini huandikwa mpagani, amethibitisha. Ushahidi wake husikilizwa na kupimwa kama wa wengine, na anaweza kumfunga mtu au kumwachia huru. Mahakama imekubali kwamba ukweli unaweza kutoka kinywani mwa asiyemtaja Mungu. Nasikitika kwamba mikutano yetu ya vijiji bado haijafika hapo.

Wala sikubali kwamba kutoamini kuna chama chake. Wapo walioacha dini kwa kusoma Karl Marx pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika miaka ambayo Walter Rodney alifundisha hapo, na wapo walioiacha kwa kuchoshwa na michango, wakiwa wafanyabiashara ambao ujamaa hawautaki hata kuusikia. Wala kutoamini hakuzuii kazi ya pamoja: wataalamu wa China waliojenga reli ya TAZARA kuanzia 1970 walitoka katika nchi ya wakomunisti, wakafanya kazi na Watanzania waliokuwa wakisali, na reli ikafika Zambia.

Mfano wa nyumbani wa kazi hiyo ya pamoja ni kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, anayechelewa hulipa faini papo hapo. Vitabu vya hisa hufungiwa ndani ya sanduku hadi mkutano ujao, na hakuna anayeondoka na chake, awe mwinjilisti au awe mtu ambaye hajawahi kuingia kanisani. Hofu ya Mungu inaruhusiwa, lakini hakuna aliyependekeza ichukue nafasi ya kufuli. Hapo ndipo watu wetu wanajifunza kila wiki siasa na uchumi kwa vitendo: nani asimamie, nani ahesabu, nani aulizwe.

Kwa majadiliano ya vikundi mchana, nawaachia mambo mawili. Walimu wa uraia watazame kama wanaweza kufundisha habari za Mwoleka, Niwemugizi na Magufuli kwa pamoja, darasani, kwa watoto wa dini zote, bila kuzipamba. Viongozi wa dini wanaolea vikundi vya hisa chini ya parokia, usharika au msikiti walete katiba za vikundi vyao, tusome pamoja kipengele cha uanachama, kisha tujibu wazi: jirani asiye wa dhehebu letu, na yule asiye na dhehebu kabisa, anaruhusiwa kununua hisa na kushika mmoja wa funguo hizo, au haruhusiwi?