Dhahabu ya Kakamega na Shamba la Nabothi

Masomo: Ayubu 28; 1 Wafalme 21:1–19

 

Katika kitabu cha Ayubu iko sura moja ya ajabu, nayo ni sura ya 28. Ayubu yumo katika mateso, rafiki zake wamebishana naye hata wamechoka, na mara tunachukuliwa tukaone machimbo. Tunawaona watu wakishuka gizani na taa, wakining'inia mbali na makao ya wanadamu, mahali ambapo hata ndege mwenye macho makali hajapaona. Juu yao shamba linatoa chakula. Chini yao ardhi inapinduliwa. Mwanadamu ana ujuzi mwingi, asema Ayubu. Anajua mahali fedha inapotoka na mahali dhahabu inaposafishwa. Kisha linakuja swali: na hekima je, huchimbwa wapi?

Nataka tulibebe swali hilo kwenda nalo katika nchi yetu wenyewe, Kakamega.

Mwaka 1931 ulikuwa mwaka wa dhiki. Bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka duniani kote, na nzige walikuwa wamekula mashamba. Masetla wengi walikuwa na madeni wasiyoweza kulipa. Ndipo mkulima mmoja setla, Johnson, alipopata dhahabu upande wa Kakamega. Mwaka huo huo Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu, na bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Habari ikaenea kama moto wa kiangazi. Mamia ya Wazungu wakaja, wengine wakiwa wameyaacha mashamba yao, wakapiga mahema katika nchi ya Isukha na Idakho. Maduka yakafunguliwa. Vigingi vya mipaka vikasimikwa katikati ya mahindi na wimbi la watu. Vijana kwa maelfu wakachukua majembe na sururu, wakaenda kutafuta mshahara wa kulipia kodi.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye moyo wa habari yenyewe.

Nchi ile haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Mwaka 1930, yaani mwaka mmoja tu kabla ya dhahabu kuonekana, serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ya kulinda ardhi ya Waafrika. Sheria ilisema kwamba maeneo yale yametengwa kwa ajili ya wenyeji kwa manufaa yao daima. Tena ilisema kwamba kama kipande kitahitajika kwa kazi ya umma, wenyeji watapewa ardhi nyingine badala yake, na baraza lao litaulizwa kwanza. Watu waliambiwa hayo, na wengine wakaamini.

Kisha dhahabu ikaonekana. Mwezi wa Desemba 1932 sheria ile ikabadilishwa upesi. Sasa mwenye shamba angeweza kupewa fedha pasipo ardhi, na baraza halikuwa lazima liulizwe. Serikali ilijitetea kwamba ardhi itakayotwaliwa ni kidogo, na tena ni kwa muda. Lakini ndugu msikilizaji, neno "daima" lilikuwa limeishi miaka miwili tu.

Je, hamkumbuki Nabothi wa Yezreeli? Mfalme Ahabu hakuanza kwa upanga. Alianza kwa maneno mazuri: nipe shamba lako, nami nitakupa lingine lililo bora, au nitakulipa fedha. Ukisikiliza kwa haraka utaona ni biashara ya haki. Lakini Nabothi alikataa, kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi hauuzwi kama mbuzi sokoni. Alipokataa, ndipo ikatafutwa njia nyingine. Barua zikaandikwa, mihuri ikapigwa, wazee wakaitwa, mashahidi wa uongo wakasimama, na yote yakafanywa kwa sura ya sheria. Mwisho wake mtu asiye na hatia akapigwa mawe.

Lakini Mungu hakukosa msemaji. Kwa Ahabu alimtuma Eliya. Na katika nchi ya Kavirondo wakati ule alikuwako mtumishi wa Church Missionary Society, Arkidikoni Walter Edwin Owen. Huyu mwaka 1923 alikuwa amesaidia kuanzisha chama cha kutetea haki na ustawi wa walipa kodi Waafrika. Sheria ilipobadilishwa hakunyamaza. Aliandika, akapinga, akapeleka habari hizi katika magazeti ya Uingereza, na suala la Kakamega likajadiliwa katika Bunge la huko. Baadhi ya masetla walimchukia hata wakaligeuza jina la cheo chake likawa jina la shetani. Owen alifariki mwaka 1945. Hakushinda kila jambo. Sheria ilikuwa imekwisha kupita. Lakini wenye mashamba walijua kwamba liko kanisa lililowaona.

Na ile dhahabu ilikuwaje? Mwanzoni mtu mmoja na karai lake aliweza kuosha mchanga wa mtoni akapata kitu. Lakini dhahabu ya mtoni huisha upesi. Iliyobaki ilikuwa ndani ya mwamba, na mwamba huhitaji baruti, pampu za maji na mashine za kuponda mawe. Mtu mwenye karai hana hayo. Basi wale wadogo wakafunga mahema yao wakaondoka, wengi wakiwa maskini kuliko walivyokuja, na kazi ikashikwa na makampuni. Mgodi mkubwa kuliko yote ulikuwa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega. Ulichimbwa tangu 1935 hata 1952, na dhahabu iliyotoka humo inahesabiwa kuwa kama tani 8.

Tani 8 za dhahabu! Sulemani mwenyewe angegeuka kutazama. Hata hivyo mashimo yalizidi kwenda chini, gharama zikapanda, na mwaka 1952 mashine zikanyamaza. Sehemu kubwa ya utajiri ule ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Leo Rosterman ni mtaa wa watu wa kawaida pembeni mwa mji. Na bado utawakuta kina mama wameketi juu ya mabaki ya mawe, wanaponda kwa nyundo, wanaosha, wanashika zebaki kwa mikono mitupu ili wapate punje ndogo ya kununulia unga. Zebaki ni sumu, nayo huharibu mwili polepole. Vijana nao hushuka katika mashimo yasiyo na nguzo imara, na mara kwa mara udongo huanguka, na msiba huingia nyumbani kwa mtu.

Wapendwa, tunajifunza nini?

Kwanza, ahadi hupimwa siku dhahabu inapoonekana. Ni rahisi kusema "daima" juu ya shamba ambalo hakuna anayelitaka. Ni rahisi kumwambia ndugu yako mpaka ni huu, kabla barabara haijapita hapo. Ni rahisi kumwahidi mjane wa kaka yako kwamba hapa ni pako wewe na watoto, kabla mnunuzi hajaja na gari lake. Mungu haangalii tulisema nini siku ya kawaida. Anaangalia tulifanya nini siku kipande kile kilipopata bei.

Nasema hivi kwa kuwa swali la 1932 limerudi mlangoni. Katika miaka ya karibuni makampuni yamepima tena nchi ile, na imeonekana kwamba chini ya Isulu na Bushiangala dhahabu ingali nyingi. Tofauti ni kwamba leo tuna serikali yetu na sheria zetu wenyewe. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yasema kwamba katika mrabaha unaolipwa kwa madini, asilimia 70 ni ya serikali kuu, asilimia 20 ni ya kaunti, na asilimia 10 ni ya jamii ya mahali pale. Sheria za ardhi nazo zinataka idhini ya mume au mke kabla nyumba ya familia haijauzwa. Hizo ni ngao, tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ngao iliyotundikwa ukutani haimkingi mtu.

Na wengi wenye mashamba yale wana watoto wao hapa Nairobi. Ndugu yangu wa Mountain View, ndugu yangu wa Kangemi, huenda karatasi italetwa kwako kwanza, kwa kuwa wewe ndiwe uliyesoma. Mama yako analima huko nyumbani, na kaburi la baba yako liko nyuma ya nyumba. Usitie sahihi mbele ya mtu ofisini jambo ambalo mama hajaambiwa jikoni. Rudi nyumbani. Keti naye. Msomee karatasi yote, neno kwa neno, kwa lugha anayoielewa, na jibu lake liwe jibu. Pengine mtakubali, pengine mtakataa. Wala si dhambi kuuza. Dhambi ni kuuza urithi wa mwingine gizani.

Pili, kanisa lisinyamaze. Wazee wa mji wa Nabothi walikuwa watu wa heshima, nao walifunga hata kufunga. Lakini barua ilipofika walitii, wala hakuna aliyeuliza neno. Kanisa laweza kufanana na wazee wale. Tukipewa bati la kuezekea na mchango mnono wa harambee, midomo yetu huwa mizito. Tumwombe Bwana atupe wachungaji na wazee wa kanisa watakaouliza mbele ya watu wote: ni nani anayehamishwa, anapelekwa wapi, na atakula nini mwaka wa pili fedha zitakapokuwa zimekwisha?

Tatu, tumkumbuke aliye chini. Ayubu aliona shamba juu na moto chini, na aliye juu hawezi kumwona aliye shimoni. Sisi nasi tuna watu walio chini yetu. Mlinzi anayekesha langoni pako, binti anayelea mtoto wako, fundi anayetoka Kangemi alfajiri kukujengea ukuta: je, mshahara wake umelipwa? Yakobo, katika sura ya 5, anatuonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio hicho humfikia Bwana wa majeshi.

Dhahabu yenyewe haina kosa. Katika Mwanzo sura ya 2 imetajwa kuwa ni njema, hata kabla mwanadamu hajaanguka. Lakini Ayubu anatuambia kwamba kilindi kikiulizwa habari za hekima hujibu kuwa haimo ndani yake, na bahari vivyo hivyo. Wala hekima hainunuliwi kwa dhahabu, hata iwe tani 8. Mwisho wa sura ile jibu linatolewa, nalo ni la wazi hata mtoto alielewe: kumcha Bwana, na kujitenga na uovu. Hapo hapahitaji baruti. Mama wa Rosterman aweza kupafikia, na tajiri wa Nairobi aweza kupakosa.

Nasi tunayo habari njema kuliko aliyokuwa nayo Ayubu. Mtume Petro anawakumbusha waumini kwamba hawakukombolewa kwa fedha wala dhahabu, vitu viharibikavyo, bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Yeye aliyekuwa na yote alishuka chini kuliko mgodi wo wote, hata kaburini, akatutafuta sisi. Wala hakutuacha humo. Kama alituhesabu kuwa na thamani hiyo, tutawezaje kumhesabu jirani kuwa ni kizuizi tu juu ya mwamba wenye dhahabu?

Tuombe. Ee Mungu Baba, nchi ni yako na vyote viijazavyo. Utusamehe kwa ahadi tulizozivunja kwa ajili ya faida. Uwalinde wanaoshuka mashimoni leo, na kina mama wanaoponda mawe. Uwape hekima wenye mashamba, na haki wenye mamlaka. Ulipe kanisa lako kinywa. Na sisi, utufundishe kukucha wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.