Usiku wa Ayubu

Somo la kwanza la Dominika hii ya 5 ya Mwaka B latuonyesha Ayubu akigaagaa kitandani hadi alfajiri. Parokiani tunao wenzake, wagonjwa wa baridi yabisi. Maumivu huwanyima usingizi, nako kukosa usingizi huyazidisha maumivu. Kukipambazuka vidole na magoti yamekakamaa, pengine kwa saa nzima au zaidi. Mama akichelewa Misa ya kwanza, wapo wamwitao mvivu! Katika Injili, Yesu alimshika mkono mama mkwe wa Simoni. Nasi tunapotakiana amani tuishike mikono yao polepole. Makatekista mnaowatembelea, msibishe hodi mapema mno, tena wahimizeni wamweleze daktari habari za usingizi, si za viungo pekee.