Mwana wa Mti na Binti wa Nyumba

(Maneno ya katekista kwa waalimu na Wakristo wa Makorora, siku za Yubilei)



Katika siku hizi tumesikia habari za makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na watu waliobatizwa. Mimi nimepewa nafasi niseme neno juu ya kitu kidogo, ambacho kwa kawaida hakizidi shubiri moja, wala hakimo katika hesabu za kanisa. Nacho ni kisanamu cha mti ambacho ndugu zetu Wazaramo hukiita mwana hiti, yaani mtoto wa mti. Wakwere, Wadoe na Waluguru wanacho vilevile.

Labda mtu atauliza, Mambo ya Wazaramo yatuhusu nini sisi wa Tanga? Yatuhusu, maana Makorora ni mtaa wa makabila mengi. Wamo Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju, na wengine ambao wazee wao walifuata kazi ya bandari, na ya reli, na ya mashamba ya mkonge, tangu mmea huo ulipoletwa nchini mwaka 1893. Kila ukoo ulikuja na sanduku lake, na ndani ya sanduku mna kitu cha wazee: hapa vikuku vya bibi, pale shanga, na pengine kisanamu hicho. Na mama wengi huniuliza swali moja: “Mwalimu, binti yangu amevunja ungo. Kitu hiki cha mama yangu nikifanyeje? Nikichome, nikiuze, au nimpe?” Swali hilo si dogo, basi na tulijibu kwa taratibu.

Kwanza tukitazame chenyewe. Mwana hiti ana kiwiliwili kama kipande cha gogo, hana mikono wala miguu. Kichwani ana vishungi vya nywele, mara nyingi viwili, vilivyogawanywa na mfuo katikati. Ana matiti na kitovu, na uso wake umechongwa kidogo tu. Binti alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akakabidhiwa kisanamu hicho akitunze kama mama atunzavyo mtoto. Alikiosha, alikipaka mafuta, alikitengeneza nywele. Na wanawake wakubwa walipokuwa wakimfunza heshima, na usafi, na kazi ya mke na mama, mikono yake ilikuwa na kitu cha kushika. Kisha akatolewa nje kwa ngoma, amepambwa, watu wakamwona kuwa ni mtu mzima. Ndipo kisanamu kiliporudi kwa wakubwa, kikamngojea binti mwingine. Kwa hiyo mwana hiti hakuwa mali ya binti mmoja. Kilikuwa mali ya ukoo, na kila aliyekishika alijua ya kuwa wengine wamekishika kabla yake. Tena sura yake ilichongwa hata juu ya fimbo za wakubwa na nguzo za makaburi, hivyo mtu alifuatana nayo tangu ujana mpaka kaburini.

Habari hizi ziliandikwa na wataalamu mbalimbali. Mmoja wao ni Bibi Marja-Liisa Swantz, Mfini, aliyekaa na wanawake wa Bunju, kaskazini ya Dar es Salaam, akatoa kitabu chake juu ya Wazaramo mwaka 1970.

Basi, wako wasemao, Kichomwe. Nafahamu sababu yao. Watu waliamini ya kuwa mwali asiyekitunza vema kisanamu huenda asipate mtoto. Na imani hiyo imewaumiza wengi, maana mwanamke asiyezaa huambiwa, Wewe ulikiangusha, wewe ulikidharau. Hofu hiyo na tuikatae wazi, mbele ya watu wote. Tumbo la mwanamke halifungwi na kipande cha mti, na Mkristo hana ruhusa kumtwika dada yake mzigo huo. Walakini hofu haiteketei pamoja na mti. Ukichoma kisanamu, ukaacha maneno mabaya vinywani mwa majirani, umechoma nini?

Wako wasemao, Kiuzwe. Wafanya biashara hupita wakinunua vitu vya kale, na mwenye njaa hashindwi kuuza. Simlaumu. Lakini ajue kiendako. Visanamu vingi vimekwisha fika Ulaya na Marekani, vimewekwa nyuma ya kioo, na mara nyingi kikaratasi chake chataja kabila tu, bila jina la ukoo wala la bibi yeyote aliyekishika. Fedha ile huisha kabla ya mwezi kwisha, na binti atakayekuja kuuliza habari za bibi yake hataonyeshwa kitu.

Wako tena wasemao, Apewe, na mambo yote yawe kama zamani. Hapo napo pana hatari. Zamani mwali aliweza kukaa ndani miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Leo binti wa umri huo yuko darasani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yataka mtoto aliyeandikwa katika shule ya msingi ahudhurie mpaka amalize. Mzazi amtoaye shuleni ili amweke ndani amemvunjia sheria na maisha pia. Wala kuvunja ungo si tangazo la ndoa. Mwili umeanza kukua. Akili na moyo bado vyataka miaka.

Tufanye nini basi? Ndugu zetu wa Masasi walikutana na neno kama hili katika jando la wavulana. Askofu Vincent Lucas, aliyewaongoza tangu mwaka 1926 hata 1944, aliona ya kuwa kuliondoa jando lote ni kuwaacha vijana bila mlango wa kuingilia utu uzima. Akaondoa yasiyopatana na imani, akabakiza yaliyo mema, akatia sala na mafundisho. Si wote waliokubaliana naye, lakini alitufunza kupepeta kwanza, kabla ya kutupa.

Na sisi tupepete. Mama, kitoe kitu cha mama yako sandukuni siku ya mapumziko, wakati shule imefungwa. Keti na binti yako, pamoja na shangazi yake na bibi yake ikiwa yu hai. Mwambie majina ya waliokishika kabla yake, na waliyoyapata, mema na mabaya. Mfunze usafi wa mwili wake, na kujiheshimu, na kukataa asilolitaka. Mwambie wazi ya kuwa kitu hiki hakina nguvu ya kufunga wala kufungua tumbo lake. Kisha kirudishe mahali pake, naye arudi shuleni shule ifunguliwapo. Imani ya Timotheo ilianza kwa bibi yake Loisi, ikapita kwa mama yake Eunike. Nayo ilipita kwa kinywa, nyumbani.

Nanyi waalimu, binti akikosa kuonekana darasani juma zima, msingoje. Nendeni nyumbani kwao kwa adabu, mkaulize. Wahenga walisema, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na mama asiyeketi na binti yake siku hizo za kukua, ulimwengu wa mjini uko tayari mlangoni, nao haumrudishi mtoto kama ulivyompokea.

Mungu awabariki nyote.