MOSHI WA MACHOZI NA MLANGO ULIOFUNGWA

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi, mbele ya wanachama wafanyao kazi viwanjani: watu wa milangoni, wafagiaji, wakata tikiti na wachuuzi.)



Nimeombwa niseme juu ya silaha wanazochukua askari wanapolinda michezo mikubwa, yaani moshi wa kutoa machozi, risasi za mpira na mabomu ya kishindo. Silaha hizi zimepewa jina zuri. Huitwa silaha zisizoua. Jina hilo ndilo nitakalolipinga. Nitasema zaidi juu ya moshi, maana moshi ndio uliowamaliza watu wengi viwanjani.

Sikilizeni habari ya Lima, mji mkuu wa Peru. Tarehe 24 Mei 1964 Peru ilicheza na Argentina, wakigombea nafasi ya kwenda michezo ya Olimpiki. Argentina ilikuwa mbele kwa goli moja. Karibu na mwisho Peru wakaingiza goli, refa akalikataa. Watazamaji wawili wakaruka ndani ya kiwanja, na mmoja wao akapigwa na askari mbele ya macho ya watu wote, na watu wakakasirika. Ndipo askari waliporusha moshi kwenye jukwaa la kaskazini. Watu wakakimbilia ngazi zinazoshuka barabarani. Chini ya ngazi kulikuwa na milango ya chuma, nayo ilikuwa imefungwa. Waliotangulia wakafika mlangoni wakakwama. Walio nyuma hawakuuona mlango, waliuona moshi tu, kwa hiyo walizidi kusukuma. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 328. Wengi wao walikosa pumzi kwa kubanwa pale ngazini.

Ndugu zangu, moshi huu umetengenezwa kwa kazi moja, kumfanya mtu aondoke mahali aliposimama. Huunguza macho, koo na kifua, na mtu hukimbia asijue aendako. Katika uwanda ulio wazi anayo njia ya kukimbilia. Katika jukwaa lenye watu elfu kumi na mlango mmoja mwembamba, anakimbilia wapi? Mwenye kurusha anasema, “Tawanyikeni,” na kufuli inasema, “Hapana.” Kati ya amri hizo mbili watu hufa, tena hufa wakiwa wamesimama, maana hata nafasi ya kuanguka hawana.

Twende Accra, Ghana. Tarehe 9 Mei 2001 Hearts of Oak waliwashinda Asante Kotoko 2 kwa 1. Washabiki wa Kotoko waking'oa viti na kuvitupa kiwanjani. Hilo ni kosa, wala siwatetei. Askari wakajibu kwa moshi. Watu wakakimbilia milango, wakaikuta imefungwa. Walikufa watu 126. Tume ya uchunguzi iliwalaumu polisi. Maofisa sita walishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama ikasema hawana kesi ya kujibu.

Tena Malang, Indonesia, katika uwanja wa Kanjuruhan, tarehe 1 Oktoba 2022. Arema ilifungwa 3 kwa 2 na Persebaya. Washabiki wa Persebaya walikuwa wamekatazwa kuja, kwa hivyo hapakuwa na adui wa kupigana naye jukwaani. Wote walikuwa wa timu moja. Baadhi yao waliingia kiwanjani, na askari wakarusha moshi, mpaka majukwaani walikokuwa watu waliokaa kimya na watoto wao. Walikufa watu 135, na zaidi ya 30 walikuwa watoto. Mambo mawili ya hapo yatuhusu sana. La kwanza, polisi wa Malang waliomba mchezo uletwe mchana, saa tisa na nusu, lakini wenye ligi wakakataa, ukachezwa usiku. La pili, miongoni mwa waliofungwa jela alikuwamo mkuu wa usalama wa klabu, aliyekuwa juu ya watu wa milangoni. Alipewa mwaka mmoja. Maofisa wawili wa polisi waliachiliwa kwanza, na ilibidi shauri lifike Mahakama Kuu ya nchi hiyo ndipo nao wakahukumiwa.

Mmeona sasa kwa nini habari hii ni ya chama cha wafanyakazi? Siku mambo yakiharibika, swali la kwanza litakuwa, “Nani alikuwa mlangoni?” Na mlangoni atakuwa mmoja wenu, kibarua aliyepewa koti la kung'aa asubuhi ile, hana ufunguo, na hakuna aliyemwambia kama askari wana moshi au hawana.

Mkataba wa mataifa wa 1993 juu ya silaha za kemikali unakataza kutumia moshi huu vitani, na Kenya ilitia sahihi. Lakini mkataba huo huo unauruhusu kwa polisi ndani ya nchi. Basi askari wa adui hawezi kurushiwa, na muuza njugu anaweza. Tena kanuni za usalama za FIFA zinasema walinzi walio pembeni ya kiwanja wasichukue wala wasitumie bunduki wala gesi ya kutawanyia watu. Kanuni hiyo ilikuwapo kabla ya Malang. Imeandikwa vizuri, lakini karatasi haifungui mlango.

Najua mtaniuliza: na wale wasio na tikiti wanaovunja malango, je? Tuliwaona Kasarani Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN. Malango yalivunjwa, moshi ukatumika, na CAF ikapunguza watazamaji wa mchezo wa Kenya na Zambia hadi 27,000. Nakubali kwamba mtu asiye na tikiti hana haki ya kuingia. Lakini moshi haukagui tikiti. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Mtu huyo azuiliwe mbali, barabarani, kabla hajafika langoni, na wazuiaji wawe wengi na wamefundishwa. Uingereza, baada ya watu 97 kufa Hillsborough kutokana na msongamano wa mwaka 1989 ambao haukuwa na moshi wowote, ziliondolewa seng'enge zilizozuia watu wasitoke kuelekea kiwanjani, na kazi kubwa ya kuangalia majukwaa ikapewa wasimamizi waliofundishwa. Hiyo ni kazi, ndugu zangu, na kazi ina mshahara wake.

Askari naye simchukii. Ni mfanyakazi kama sisi, ingawa hapa kwetu hana chama, na hurusha kwa kuamriwa. Kwa sababu hiyo tunataka ijulikane, kwa maandishi, kabla ya mchezo kuanza, ni nani mwenye kutoa amri hiyo, na kwamba haitolewi kwa jukwaa lenye watu.

Mashindano ya Mataifa ya Afrika ya 2027 yamepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Wenye kazi watatafuta watu wengi kwa haraka na kwa bei rahisi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atunze usalama wa watu kazini kwake, na kibarua wa siku moja yumo. Tunataka ufunguo ukae kwa mtu wa mlango, wala si mfukoni mwa bwana mkubwa aliye juu akinywa chai. Tunataka mtu huyo asiondolewe mpaka mtazamaji wa mwisho atoke. Afundishwe kazi kabla ya siku ya mchezo na alipwe siku ya mafunzo. Na akiumizwa na moshi atibiwe kama aliyeumia kazini, maana ndivyo ilivyo.

Barua ya madai haya itaandikwa na kamati. Lakini kamati haiwezi kuandika isilolijua. Kila mmoja wenu atakayekuwa kazini Jumamosi auangalie mlango wake: unafunguka kwa nje au kwa ndani, upana wake watu wangapi, kufuli ni ya nani, na ufunguo uko wapi mchezo unapokwisha. Mwandike katika karatasi, pamoja na namba ya mlango, mkampe katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao.