Akiba Isiyokatwa Kodi: Maneno ya Mweka Hazina kwa Wanachama

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wetu wa mwaka, London)



Mmenizoea nikisimama hapa kuomba mchango. Bweni la wasichana kule Pangani bado halina paa, na bakuli litapita baada ya chakula. Ila leo Mwenyekiti ameniruhusu nianze na mifuko yenu kabla ya mfuko wa chama.

Miaka michache iliyopita tulichangishana kumsafirisha mwenzetu aliyefia hapa baada ya kufanya kazi karibu miaka thelathini. Alikuwa amejenga nyumbani na kusomesha wadogo zake wote. Kwenye akaunti yake hapakuwa na pesa hata ya jeneza. Hakuwa mlevi wala mbadhirifu. Alituma kila kitu. Wengi humu ndani tuko njia hiyohiyo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Basi nizungumzie ISA. Serikali ya Uingereza iliianzisha Aprili 1999. Watu hudhani ni aina ya uwekezaji, lakini ni kapu tu. Cha kuweka ndani unachagua wewe: fedha taslimu zinazopata riba, au hisa, hatifungani na mifuko ya pamoja ambayo unanunua vipande, kama vile vya UTT nyumbani. Kinachokua ndani ya kapu hakikatwi kodi, iwe riba, gawio au faida ya kuuza hisa. Ukitoa pesa hudaiwi kodi, na huna haja ya kuijaza kwenye fomu za HMRC.

Kila mwaka wa kodi, tangu 6 Aprili hadi 5 Aprili inayofuata, mtu mzima anayeishi hapa anaweza kuweka hadi pauni 20,000. Nafasi usiyoitumia inapotea. Msishtuke: hicho ni kikomo cha juu. Kampuni nyingi hupokea hata pauni 25 kwa mwezi.

Mtu ataniuliza, “Mshahara wangu mdogo, kodi hiyo inanihusu nini?” Swali la haki. Anayelipa kodi ya kiwango cha msingi hatozwi kodi kwa riba ya hadi pauni 1,000 kwa mwaka, hata nje ya ISA. Kwa akiba ndogo ya benki, tofauti si kubwa. Kwenye hisa ndiko kulikobana. Msamaha wa gawio ulikuwa pauni 2,000, sasa ni 500. Wa faida ya kuuza ulikuwa 12,300, sasa ni 3,000. Aliye ndani ya kapu hayo hayamgusi.

Chukueni pauni 100 kwa mwezi kwa miaka 20. Umeweka 24,000. Zikikua kwa asilimia 5 kila mwaka, utakuta kama 41,000. Hakuna wa kuwaahidi hiyo asilimia 5. Makato ya kampuni ndiyo ya uhakika: yakiwa asilimia moja na nusu kwa mwaka, ile 41,000 inashuka hadi kama 34,700. Kabla ya kusaini, ulizeni jumla ya makato, na hakikisheni kampuni imo kwenye orodha ya FCA.

Niwaambie na kosa langu. Machi 2020 soko lilipoporomoka kwa ajili ya korona, niliuza hisa zangu zote usiku mmoja nikiwa zamu. Soko likapanda tena, mimi simo. Tangu hapo pesa ninayoweza kuihitaji ndani ya miaka mitano, yaani nauli ya msiba, ada, mchezo wetu wa kila mwezi, inakaa taslimu. Kwenye hisa naweka ile tu ninayoweza kuiacha.

Sasa maonyo, maana haya ndiyo yanayowaumiza watu.

Kwanza, anayepokea Universal Credit: pesa ya ISA inahesabiwa. Akiba ikipita pauni 6,000 malipo yanapunguzwa. Ikipita 16,000 yanakoma.

Pili, vijana na Lifetime ISA. Inafunguliwa kati ya miaka 18 na 39. Unaweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka na serikali inaongeza asilimia 25. Lakini ni kwa nyumba ya kwanza hapa Uingereza isiyozidi pauni 450,000, au baada ya miaka 60. Kiwanja cha Pangani hakihesabiki. Ukitoa kwa jambo jingine unakatwa asilimia 25: uliweka 1,000, ikawa 1,250, unarudi na 937.50.

Tatu, ukihamia nyumbani moja kwa moja, ISA inabaki yako lakini huongezi tena. Na msamaha huu ni wa Uingereza. Mambo ya TRA ulizeni kabla ya kufunga mizigo.

Nne, ndugu zangu mnaoepuka riba, zipo ISA zinazofuata sharia. Msikae nje kwa sababu hiyo.

Mimi ni muuguzi, si mshauri wa fedha. Nimewaeleza kapu lilivyo. Kila mtu apime mzigo wake.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mshahara ukiingia, weka chako kwanza, hata kama ni pauni 25, ndipo utume nyumbani. Najua simu zitapigwa na mama atalalamika. Lakini mama huyo hatataka tuje kumchangisha sanduku la mwanawe.

Na chama kinamhitaji mwanachama wa kutoa pauni 10 kila mwezi kwa miaka kumi kuliko yule wa kutoa 200 leo kisha akakopa nauli ya basi. Fomu za mchango wa kila mwezi ziko mezani kwa katibu. Wasichana wale wanangoja paa.

Bakuli linapita.