Skonzi Laini ni Mtaji wa Kikundi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo tuongee juu ya skonzi. Kuna vikundi vinaanza kuoka kwa moyo mkunjufu, lakini baada ya wiki chache skonzi zinarudi kutoka sokoni jioni zikiwa ngumu, na pesa za kikundi zimekwisha. Mteja akinunua skonzi ngumu leo, kesho atapita kwa jirani. Kwa hivyo ulaini si urembo, ni mtaji.

Wengine hufikiri dawa ni kuongeza hamira. Sivyo. Hamira ikizidi, donge hufura upesi, lakini skonzi hutoka na harufu kali na hukauka mapema. Ulaini hutokana na mambo matatu: maji ya kutosha, kukanda vizuri, na kungoja.

VIPIMO
Kwa skonzi 30 hivi:
- Unga wa ngano kilo 1
- Maji vuguvugu chupa mbili za soda za mililita 300
- Sukari vijiko vikubwa 6
- Mafuta ya kuganda vijiko vikubwa 5
- Hamira vijiko vidogo 3
- Chumvi vijiko vidogo 2

KUKANDA
Kwanza jaribu hamira. Ikoroge katika chupa moja ya yale maji pamoja na sukari kidogo. Maji yawe kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Yakiwa moto sana yanaua hamira. Baada ya dakika 10 isipotoa povu, imekufa. Itupe, usipoteze unga wako.

Changanya vyote, anza kukanda. Donge litanata mikononi. Hapo ndipo wengi huharibu, maana huzidi kurushia unga mkavu. Usiongeze! Paka mikono mafuta kidogo, endelea kwa dakika 15. Ukivuta kipande na kinanyooka bila kukatika upesi, inatosha.

KUNGOJA
Funika kwa kitambaa safi chenye unyevu mpaka donge liwe mara mbili. Mahali pa joto ni kama saa moja. Kule kwenye baridi huenda ikapita saa mbili. Usitazame saa, tazama donge. Haraka haraka haina baraka.

Kata vipande 30, viringa, panga kwenye sinia iliyopakwa mafuta. Zipange karibu karibu. Zikigusana, mbavu zitabaki laini. Ngoja tena nusu saa au zaidi. Bonyeza kwa kidole: alama ikirudi polepole, ziko tayari.

KUOKA
Huna oveni? Chukua sufuria kubwa nzito, tia mchanga mkavu na mawe matatu ya kuinua sinia. Ipashe moto dakika 15, kisha ingiza sinia na ufunike. Makaa machache yawe chini, mengi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 20 hivi, gonga skonzi kwa chini. Ikilia kama kitu chenye uwazi ndani, imeiva. Zipake mafuta na uzifunike kwa kitambaa, ganda lilainike. Usizifunge kwa pakiti zikiwa moto, zitaota ukungu.

Tafadhali, jiko la mkaa lisiwe ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua.

HESABU
Andikeni kila kitu: unga, sukari, mafuta, hamira, mkaa, nauli. Kisha gawanya kwa skonzi zilizouzwa, si zilizookwa. Tuseme mmetumia shilingi 240 kwa skonzi 30. Kila moja ni shilingi 8. Mkiuza kwa shilingi 10, mnaona faida, sivyo? Lakini zikiuzwa 24 pekee, mmepata shilingi 240. Mmefanya kazi bure! Zile 6 zilizobaki ngumu ndizo zimekula faida yote.

Kabla ya kuuza, mwoneni afisa wa afya wa kaunti awaeleze kuhusu leseni na vyeti vya wanaoshika chakula.

Basi, wiki hii kila kikundi kioke kilo moja tu. Mkutano ujao mje na daftari la hesabu na skonzi mbili za kuonja. Lakini mlete za jana, si za leo.