Dawa ya Kila Mwezi na Kahawa ya Mara Moja kwa Mwaka

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya kahawa, Kagera)



Kazi yangu ni kukagua vitabu. Huenda baadhi yenu mkashangaa kuniona nasema juu ya dawa badala ya leja. Nawaomba mnivumilie, kwa maana jambo hili nimelikuta ndani ya vitabu vyenu wenyewe.

Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilo alizoleta mizanini mwanachama mmoja zilipungua msimu hata msimu. Kwa miaka miwili niliandika "uzalishaji umeshuka", nikapiga muhuri. Mwaka wa tatu nilimwendea nyumbani. Mibuni ilikuwa imezaa vizuri. Mkewe alikuwa na shinikizo la damu pamoja na kisukari, na kila dawa zilipokwisha mzee yule aliuza kahawa ingali mtini. Ndiyo butura. Hata hivyo dawa hazikutosha: mama yule alikuwa akimeza kidonge leo na kuacha kesho, ili vifike mavuno. Kosa lilikuwa langu pia, maana niliona tarakimu nisimwone mtu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme dawa ni shilingi 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Tuseme mnunuzi wa butura hutoa shilingi 1,500 kwa kilo, na mnadani kilo hiyo hupata 4,000. Ili kupata 180,000 mkulima ametoa kilo 120, ambazo mnadani zingemletea 480,000. Amepoteza shilingi 300,000, na butura yenyewe imekatazwa.

Basi chanzo cha shida si bei ya dawa peke yake. Ugonjwa wa kudumu hudai fedha kila mwezi, na mbuni hulipa kwa msimu. Katika pengo hilo ndipo mnunuzi wa butura anapojenga nyumba yake. Hatuna budi kuliziba, na njia zipo.

Kwanza, tuulize haki zetu kabla ya kufungua mfuko. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilielekeza kwamba wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure. Mzee asiye na uwezo aende kwa Serikali ya kijiji akatambuliwe mapema, asingoje siku ya kuugua.

Pili, tuulize jina la asili la dawa. Kama vile Panadol ni jina la biashara la parasetamoli, dawa nyingi za shinikizo la damu na kisukari nazo huuzwa kwa majina mengi na bei mbalimbali. Mwambieni mganga: "Ipo yenye kazi ile ile kwa bei nafuu?" Lakini iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na inunuliwe katika duka lenye kibali, si kwa mchuuzi wa mnadani. Wala mtu asipunguze wala kuacha dawa kwa shauri lake mwenyewe. Kiharusi ni ghali kuliko vidonge.

Tatu, bima. Mwaka 2018 mchango wa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote; kwa hiyo katibu aulize Halmashauri viwango vya sasa na dawa zinazolipiwa, awasomee wanachama. Wakati wa kulipa ni siku ya malipo ya kahawa. Mwanachama mwenye kilo 600 akikatwa shilingi 50 kwa kilo, amefikisha 30,000 bila kuhisi uzito.

Nne, akiba ya dawa kwa yale ambayo bima hailipii. Makato yapitishwe na mkutano mkuu, yaandikwe katika masharti ya chama, na kila mwanachama aridhie kwa saini yake. Fedha ziwe na akaunti yake na leja yake. Akiba ni mali ya mwenyewe. Chama kisijifanye shirika la bima. Na ugonjwa wa mtu usisomwe mkutanoni: katibu aandike kiasi, asiandike maradhi.

Ndugu Makatibu, nawaomba jambo hili liwe katika ajenda ya mkutano wenu kabla mizani haijafunguliwa. Ushirika wetu ulianzishwa ili mkulima asiuze jasho lake kwa bei ya kuonewa. Anayeiuza kahawa ikiwa bado ua kwa sababu ya vidonge ameonewa mara mbili, nasi tukiwa tumekaa naye katika mkutano mmoja.

Msimu ujao nitakagua kama kawaida. Nikiona kilo za mtu zimepungua, sitaandika tena "uzalishaji umeshuka" kabla sijamuuliza katibu: "Nyumbani kwake kuna mgonjwa?" Nitatazamia katibu awe na jibu.